Hesabu ya Tajiri Unaifikisha. Yako Je?

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Unafanya nini siku hizi, kijana?"

"Si unaniona, mzee. Napambana."

Mzee akasonya. Msonyo mrefu, wa ulimi na meno, mpaka waliokuwa kwenye drafti wakainua macho. "Unapambana na nani?"

Ilikuwa Jumanne jioni, kijiweni kwetu pembeni ya soko la Mbuyuni, Moshi, saa ile wingu linapoanza kuuachia mlima Kilimanjaro. Kibo ilikuwa imetoka nusu. Muuza kahawa alikuwa ndiyo kwanza ametua birika, vikombe vinagongana ndani ya ndoo, kashata zimefunikwa nailoni. Kijana wa bodaboda alikuwa ametoka kumshusha mtu hospitali ya KCMC, kofia ngumu bado iko mkononi. Mzee aliyemuuliza ni mtu wa Marangu, amestaafu kazi ya mlimani. Alianza kama mgumu, yaani mpagazi, akawa mpishi wa kambi, akamalizia kama kiongozi wa wageni. Akisonya, huwa ana sababu.

Na mimi nasonya naye. Nimelisikia hilo "napambana" mpaka limeanza kunitia huzuni. Lina ndugu zake: natafuta, nasukuma siku, mdogo mdogo, tunaomba uzima. Ni maneno ya adabu, sisemi ni mabaya. Mtu akikuuliza habari zako njiani huwezi kumsomea daftari la mapato. Ubaya unaanza pale mtu anapolibeba neno lile mpaka nyumbani, akalala nalo, akaamka nalo, akajijibu nalo mwenyewe. Ukijiuliza "mwaka huu nataka nini?" na moyo ukajibu "napambana", ujue hujajibiwa.

Mzee hakumwachia. "Hiyo pikipiki ni yako?"

"Ya mkataba, mzee."

"Mkataba unasemaje?"

Hapo kijana akabadilika kabisa. Yule aliyekuwa anapambana tu akaanza kutaja mambo kwa ncha ya kidole. Shilingi 8,000 kwa siku. Siku sita kwa wiki, Jumapili ni yake. Mwaka mmoja na nusu, kisha kadi inabadilishwa jina. Fedha inafika kwa tajiri mwenye pikipiki kabla ya saa tatu usiku, kwa simu. Amebakiza miezi minne. Siku alizoshindwa kupeleka anazikumbuka zote: mbili za malaria, moja ya msiba wa shangazi yake Rombo, na zote alizifidia.

Muuza kahawa ana kichwa cha hesabu kuliko sisi sote. Akapiga palepale mkataba mzima: wiki 78, siku 468, shilingi 3,744,000.

"Mpaka mwisho utakuwa umemtafutia mwenzako milioni tatu na laki saba," mzee akasema, "hukuchelewa, hukusahau, ulifidia hata siku ya msiba. Sasa niambie. Kwa muda huohuo mpaka leo, wewe mwenyewe umeweka ngapi?"

Kijana akaangalia kikombe.

Nataka tukae hapo kidogo, kwa sababu watu wengi wakifika hapo hukimbilia kusema vijana hawana nidhamu. Uongo! Kijana huyu ana nidhamu ya kumlipa mtu mkataba wa siku 468 kwenye mvua ya masika, kwenye vumbi la Pasua, kwenye abiria wa kukopa nauli. Nidhamu iko. Kilichofanya hesabu ya tajiri ifike kila siku si hofu peke yake. Ile hesabu ilikuwa na kiasi. Ilikuwa na saa. Ilikuwa na mtu upande wa pili anayeisubiri, na akikosa kuiona anapiga simu. Hesabu yake mwenyewe haikuwa na hata kimoja kati ya hivyo. Ilikuwa ni "nikipata nitaweka." Anayeweka akipata hapati, maana kila kinachopatikana hukuta kuna mwenye shida amekwishakaa mlangoni.

Nikawapa habari moja niliyowahi kuisoma, nikaona afadhali niitoe pale. Huko Marekani, jimbo la Oklahoma, kulikuwa na madereva wa malori ya magogo. Malori yao yalikuwa yakitoka porini na mzigo wa kama asilimia 60 tu ya uzito ulioruhusiwa kisheria. Walikuwa wameambiwa wajitahidi kadiri ya uwezo wao. Mtafiti Gary Latham na mwenzake James Baldes, katika utafiti waliouchapisha 1975, wakaeleza kilichotokea baada ya madereva wale kupewa namba: jazeni hadi asilimia 94. Mizigo ikapanda, ikafika kwenye asilimia 90 na kukaa humo.

"Waliongezwa posho?" kijana akauliza.

Hawakuongezwa. Barabara ileile, malori yaleyale, watu walewale. Walichoongezewa ni namba ya kuitafuta kwenye mizani. "Jitahidi kadiri ya uwezo wako" ni "napambana" iliyozaliwa Oklahoma.

Mzee akatikisa kichwa taratibu. Mizani anaijua. Pale geti la mlima kila mzigo wa mgumu unapimwa, na kanuni ni kilo 20. Hakuna anayekuuliza kama umejitahidi.

Muuza kahawa hakukubali kirahisi, na namshukuru, maana gumzo lisilo na mpinzani huwa mahubiri. "Mzee, mipango si matumizi. Huyu kijana mapato yake hayana mshahara. Kuna siku anazunguka mpaka Majengo, mpaka Rau, anarudi na hela ya mafuta tu. Unamwekeaje namba mtu wa hivyo?"

Ni hoja ya kweli. Asiyeijua njaa ya kipato cha kutwa asiende kuwapangia watu malengo. Nimeona vitabu vya kuhamasisha vimepangwa pale stendi, vinamwambia mtu aandike milioni mia ukutani na kuitazama kila asubuhi. Mtu wa kuamka saa kumi na moja alfajiri akiwa na elfu tatu mfukoni, ukimwandikia milioni mia ukutani unamtesa.

Lakini nilimkumbusha muuza kahawa kile anachokiuza. Kahawa. Wazee wa milima hii waliipanda chini ya migomba kwenye vihamba vyao, wakaunda chama chao cha wapandaji, KNPA, mwaka 1925, kikazaa chama cha ushirika cha KNCU mwaka 1933. Mkahawa hautoi kila siku, na bei yake ilipangwa New York na mtu asiyejua Kilema iko wapi. Kama kuna kipato kisichotabirika, ni hicho. Na bado uliza mzee yeyote wa Kibosho au Machame aliyekulia kwenye kahawa, atakwambia fedha ya msimu ilikuwa imekwishapewa majina kabla haijaingia: hii ada ya mtoto wa pili, hii mabati, hii dawa ya mikahawa. Haikutosha mara nyingi. Msimu ukiwa mbaya, jina moja lilifutwa. Ila kila mtu nyumbani alijua ni jina gani limefutwa, na mwakani lilirudi.

Basi kwa mtu wa kipato cha kutwa nasema hivi. Mteja si wako. Mvua si yako, bei ya petroli si yako. Saa ya kutoka nyumbani ni yako. Kufunga siku baada ya kutenga kidogo, hata kikiwa kidogo kiasi gani, ni chako. Weka namba kwenye vile vilivyo vyako. Ukisema "mwezi huu nitapata laki nne" umeahidi mfuko wa mtu mwingine. Ukisema "siku sita za wiki nitakuwa kijiweni saa kumi na mbili kasoro, na kila jioni 2,000 inatoka kabla sijanunua chipsi," umeahidi miguu yako na mkono wako. Hivyo viwili unaweza kuviuliza usiku kama vimefika.

Hapo mama muuza ndizi, ambaye meza yake ya mishare iko hatua chache na masikio yake huwa kwetu, akaingia. "Nyinyi wanaume mnazungumza kama mmegundua kitu. Sisi kwenye kikoba tunafanya hivyo kila Jumatano."

Na ni kweli. Kikoba chao, akatueleza, kina kasha la chuma lenye kufuli tatu, na funguo tatu zinakaa kwa wanawake watatu tofauti, wala hakuna kati yao anayeshika kasha. Kila wiki unanunua hisa mbele ya wote. Ukichelewa, faini. Usipokuja bila taarifa, faini kubwa zaidi. Na mwanzoni mwa mzunguko, kabla ya hisa ya kwanza, kila mmoja anasimama na kusema fedha yake ni ya nini. Mmoja alisema tangi la maji la lita 1,000. Mwingine akasema ng'ombe wa maziwa. Mmoja akasema "ya maendeleo," na mwenyekiti akamwambia aketi chini, akafikirie, asimame tena.

"Akasemaje aliposimama tena?" nikauliza.

"Akasema cherehani. Alikuwa anaijua toka mwanzo. Alikuwa anaogopa kuisema, akishindwa tungemcheka."

Nadhani mama huyu ndiye aliyetuambia jambo zito kuliko yote jioni ile. Wengi wetu tunaposema "maendeleo," au "maisha bora," au "mwaka huu ni wa kuinuka," hatujakosa kujua tunataka nini. Tunaogopa kulitaja. Kitu kilichotajwa kinaweza kushindikana hadharani. "Napambana" haiwezi kushindikana, na ndiyo maana tunaipenda. Nilipokuwa kijana nami nilikaa miaka minne nikisema nitajenga, bila kutaja kijiji wala chumba kimoja wala viwili, na kwa miaka ile minne hakuna aliyeweza kuniambia nimeshindwa. Sikujenga hata msingi.

Anayemcheka mwenzake kwa kuitaja cherehani akaikosa, yeye ndiye wa kusonywa.

Mzee wa Marangu alikuwa amenyamaza muda mrefu. Alipoanza tena, alianza na mlima, kama nilivyotazamia. Wageni wengi wakifika geti la Marangu, alisema, shingo zao ziko juu. Wanataka kuonyeshwa kilele. Mita 5,895. Kiongozi mzuri hawaonyeshi. Anawaambia leo tunakwenda Mandara, chakula cha jioni tutakula Mandara. Mandara iko mita 2,720. Kesho Horombo, mita 3,720. Kisha kambi ya Kibo, zaidi ya mita 4,700, na hapo ndipo usiku wa manane unaanza kuzungumzia juu. "Mtu akitaka kukimbia ile siku ya kwanza kwa sababu ana nguvu, mimi namwambia pole pole. Si kwamba namchelewesha. Kituo cha leo ni Mandara, na ukifika Mandara ukiwa na nguvu za kubaki, umefaulu leo. Kilele hakijauliza."

Historia ya mlima wenyewe inamuunga mkono. Mjerumani Hans Meyer alijaribu kupanda mwaka 1887, barafu ikamrudisha. Mwaka 1888 akarudi tena, akakutana na vita vya pwani, akakamatwa kabla hajaukaribia mlima, akajikomboa kwa fedha. Mwaka 1889 akaja mara ya tatu pamoja na Ludwig Purtscheller. Hamu yake haikuwa imeongezeka. Ilikuwa ileile ya miaka miwili nyuma. Kilichobadilika ni mpango wa chakula. Kambi ziliwekwa kwa ngazi, na watu wakawa wanapanda na kushuka kutoka Marangu kupeleka chakula juu, ili walioko kwenye barafu wakishindwa leo wasilazimike kushuka mpaka chini na kuanza upya. Mtu wa Pangani, Mwini Amani, alikaa nao kambini huko juu kwenye baridi. Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu ndiye anayekumbukwa hapa kwetu kama kiongozi wa safari ile. Tarehe 3 Oktoba walifika ukingo wa kasoko, wamechoka na muda umekwisha, wakarudi kambini. Tarehe 6 wakafika juu. Zile siku tatu katikati ziliwezekana kwa sababu chakula kilikuwa kimepandishwa karibu.

Tunawataja sana waliofika kileleni. Mimi nawapa heshima yangu wale waliokuwa wakipandisha chakula. Lengo lisilo na kambi za katikati, siku ya kwanza ukianguka unarudi mpaka chini kabisa, na wengi wakirudi chini hawapandi tena.

"Na kuna kugeuka," mzee akaongeza. Aliwahi kumgeuza mgeni aliyekuwa amebakiza kama saa moja tu, kwa sababu alianza kuongea maneno yasiyoeleweka na kutapika. Mgeni alilia. Mzee akamshusha hivyohivyo. Mwaka uliofuata mgeni alirudi, akapanda siku nyingi zaidi, akafika. Kugeuka kwa sababu mwili umekataa ni sehemu ya kazi. Kinachoua ni ubishi.

Sasa niseme la Desemba, kwa sababu haiwezekani kuzungumza malengo katika mkoa huu bila kuitaja. Watanzania wanatutania kwamba Wachaga tunarudi nyumbani Krismasi kuhesabiwa. Mabasi kutoka Dar es Salaam yanajaa, treni ya Moshi iliyorudishwa Desemba 2019 inajaa, barabara za kwenda Rombo na Uru zinakuwa na magari kuliko miti. Mbuzi anachinjwa, mbege inapita, wazee wanauliza. Mimi nauheshimu mwezi ule. Ni makabila machache yaliyojiwekea tarehe ya kutazamana usoni na kuulizana: mwaka ulikwendaje? Yule mtoto anaendelea na shule? Nyumba ya mama mmeitia bati?

Lakini kuna ugonjwa umeingia humo, na tunauona sote. Mtu anapanga mwaka wake mzima kwa ajili ya macho ya wiki mbili. Anaazima gari. Anakopa kwa riba aonekane ametoka mjini. Januari tarehe tano ameuza simu apate nauli ya kurudi. Huyo naye alikuwa na lengo, tena lenye kiasi na tarehe na mashahidi, na alilifikisha! Ila lilikuwa lengo la majirani. Ukilifikisha lengo la majirani, wanakusifu siku mbili, kisha wanabaki na sifa na wewe unabaki na deni. Kwa hiyo kabla ya kiasi na kabla ya tarehe, mtu ajiulize: nikilifikisha hili na hakuna aliyeliona, bado nitafurahi? Mama wa tangi la lita 1,000 atafurahi kila akifungua koki, watu wawepo wasiwepo.

Giza lilikuwa linaingia. Mzee akamrudia kijana. "Haya. Mkataba unaisha miezi minne ijayo. Pikipiki ni yako. Unataka nini?"

Safari hii alichelewa kujibu, kisha akasema kwa sauti ndogo: "Nataka kuendesha gari za watalii."

"Tangu lini?"

"Miaka mitatu."

"Umeshakwenda VETA kuuliza kozi ya udereva ni kiasi gani na inaanza lini?"

Hakuwa amekwenda. Amepita mbele ya geti lile na abiria mgongoni mara zisizohesabika, hajawahi kuegesha na kuuliza. Mzee akasonya tena, ila msonyo huu ulikuwa mfupi, wa kumhurumia. Na mimi nilisikia uchungu, kwa sababu ninawajua wengi wa namna hiyo: anayetaka kulima parachichi na hajauliza mche ni shilingi ngapi, anayetaka kurudi shule na hajauliza fomu. Kuuliza bei ni bure. Ndoto isiyoulizwa bei haina pa kuanzia kuhesabiwa.

Wakakubaliana pale pale, na sisi tukiwa mashahidi. Asubuhi ya kesho yake, kabla ya abiria wa pili, atasimama geti la VETA aulize. Kuanzia jioni ileile, siku sita kwa wiki, shilingi 2,000 inakwenda kwa mama wa ndizi, ambaye ataiandika kwenye daftari na kuipeleka kwenye kikoba kama hisa za kijana, maana kundi lao linapokea na wanaume wakidhaminiwa. Asipoleta, mama anapiga simu, kama tajiri anavyopiga. Na mkataba ukiisha, ile 8,000 isizoee kukaa mfukoni. Mzee alimwambia: endelea kulipa hesabu, badilisha tajiri tu.

Alikwenda kuuliza. Alirudi na tarehe ya muhula na kiasi cha ada kwenye kipande cha karatasi, akakibandika ndani ya kofia yake ngumu.

Leo asubuhi nimepita kwenye meza ya mishare, nikaomba kuliona daftari. Siku za kazi 23 zimepita. Siku 19 zina tiki. Mbili zina mstari wa mvua, moja ya pancha, na moja mama ameandika tu "hakuja, nimempigia." Jumla ni shilingi 38,000.